Je, Wajua? Waya Mmoja, Ncha Mbili

Je, wajua kwamba ishara ya umeme ikifika ncha ya waya iliyoachwa wazi hugeuka na kurudi ilikotoka? Huko njiani hukutana na ishara zinazokuja, zikavurugana kama sauti na mwangwi wake bondeni, na mashine ikasoma moja palipotumwa sifuri. Ndiyo maana kila ncha ya mtandao wa kiwandani hufungwa rezista ya kuimeza ishara.

Rezista hizo ni mbili tu. Kwenye plagi nyingi za PROFIBUS, mmoja wa mitandao ya viwandani, ukiwasha swichi ya rezista katikati ya mtandao, waya unaoendelea mbele hukatwa, na mashine zote za upande huo hupotea.

Je, wajua kwamba rezista za mtandao wa CAN hukaguliwa kwa multimita peke yake? Zima umeme, pima kati ya nyaya zake mbili, CAN-H na CAN-L. Omu 60: rezista mbili za omu 120 zipo. Omu 120: moja haipo. Omu 40: kuna mtu kaongeza ya tatu.

Je, wajua kwamba rezista za PROFIBUS DP zinahitaji umeme? Kuna ya omu 220 kati ya nyaya mbili, na mbili za omu 390 zinazotuliza nyaya hizo wakati hakuna anayetuma. Volti 5 za kuziendesha kwa kawaida hutoka kwenye kifaa cha mwisho. Kifaa hicho kikizimwa kwa matengenezo, hitilafu huweza kuonekana kwenye mashine nyingine kabisa, na fundi akafungua isiyo na kosa. Kuna kifaa maalumu cha kufunga ncha, chenye umeme wake. Kinunuliwe.

Sasa matawi, yaani nyaya zinazochepuka kutoka waya mkuu, na hapa ndipo hesabu inaponoga. Ishara husafiri wayani takriban sentimita 20 kwa nanosekunde. Kwa megabiti 12 kwa sekunde, biti moja hudumu nanosekunde 83, yaani hujaza mita 17 hivi za waya. Mwangwi wa tawi la mita chache tu tayari unaichafua biti; kwa hiyo kwenye PROFIBUS DP matawi hayaruhusiwi kwa kasi inayozidi megabiti 1.5. Mtandao wa Foundation Fieldbus H1 huenda kwa kilobiti 31.25 tu kwa sekunde. Biti yake moja ingejaza zaidi ya kilomita 6, ilhali waya wote, matawi yakiwemo, hauzidi mita 1,900. Mwangwi hutulia mapema, na tawi la mita 120 linaruhusiwa kama vifaa havizidi 12. Kwa kiwanda cha kusafisha mafuta, ambako vipimio vimetawanyika kila kona, mwendo huo wa polepole ni neema.

Mtandao wa DeviceNet? Tawi lisizidi mita 6. CAN ya megabiti 1? Sentimita 30.

Je, wajua kwa nini rezista ya omu 100 ya H1 huunganishwa na kapasita ya mikrofaradi 1? Nyaya zile zile mbili hupeleka data na umeme pamoja. Bila kapasita, kwa volti 24, rezista moja ingefyonza karibu robo ampea, umeme unaotosha vifaa kadhaa.