Maisha ya Kuruti wa KAR: Kwa Nini Blanketi Lilikuwa Sehemu ya Vita

Watu wengi waliowaona askari wa King's African Rifles wakipita kwa gwaride walidhani kuwa uaskari ni nguo safi, bunduki na bendi. Hawakuyaona yaliyotangulia gwaride hilo, yaani miezi ya mafunzo aliyoipitia kila kuruti kabla ya kustahili kuitwa askari. Jeshi hilo, ambalo jina lake lilifupishwa kuwa KAR, liliundwa tarehe 1 Januari 1902, na vikosi vyake vya Kenya viligeuzwa kuwa Kenya Rifles mwezi wa Desemba 1963. Yafuatayo ni maelezo ya siku ya kuruti katika miaka ya 1950, wakati kituo cha mafunzo kilipokuwa Nakuru, pamoja na sababu za mambo aliyotakiwa kuyafanya.

Alfajiri

Tarumbeta ilipigwa kabla ya jua kuchomoza. Kuruti aliondoka kitandani mara moja, akanawa, akanyoa ndevu, akakunja mablanketi yake kwa kipimo kimoja na cha wenzake. Koplo alipita akikagua vitanda, vifungo, mikanda na mabuti. Aliyeonekana kuwa na kosa alipewa kwata ya ziada saa ambazo wengine walikuwa wakipumzika.

Vijana wengi waliona jambo hili kuwa uonevu. Walijiuliza, blanketi lina uhusiano gani na vita? Jibu lake ni hili: mtu aliyezoea kuweka kila kitu mahali pake aweza kukipata gizani, mvua ikinyesha na adui akiwa karibu. Tena asiyejali mambo madogo wakati wa amani hawezi kuaminiwa na mambo makubwa wakati wa hatari.

Kwata na lugha

Baada ya ukaguzi makuruti walitoka uwanjani kwa kwata. Amri zilitolewa kwa Kiingereza, bali maelezo yalitolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa chumba kimoja kiliweza kuwa na Mkamba, Mnandi, Mluhya na Msomali, na kila mmoja ana lugha ya mama yake. Kiswahili chepesi kilichosemwa jeshini kilijulikana kwa jina la KiKAR. Wenye lugha fasaha wa pwani walikicheka, lakini kiliwawezesha watu wasiofahamiana kuelewana kwa haraka.

Mabuti nayo yalikuwa somo. Kwa miaka mingi askari wa KAR walitembea pekupeku au kwa makubazi, na mabuti yalienea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kijana aliyekulia shambani bila viatu alipata malengelenge siku za kwanza, naye alifundishwa kukagua miguu yake kila jioni, maana askari asiyeweza kutembea huwa mzigo kwa wenzake.

Bunduki

Kuruti hakupewa risasi siku ya kwanza. Kwanza alifundishwa majina ya sehemu za bunduki, jinsi ya kuifungua, kuisafisha kwa kamba na kitambaa chenye mafuta, na kuifunga tena. Halafu alijifunza kulenga shabaha bila risasi. Mwalimu aliweza kuweka sarafu juu ya mtutu, kisha kuruti akavuta kifyatulio polepole. Sarafu ikianguka, ilikuwa dhahiri kwamba mkono umetikisika. Baada ya mazoezi hayo ndipo alipopelekwa uwanja wa shabaha, na hapo hapakuwa na mzaha: aliyegeuza mtutu upande wa wenzake aliondolewa msitarini papo hapo.

Chakula, usafi na masomo

Chakula kilikuwa posho ya unga wa mahindi, maharagwe, nyama, mboga na chai. Vijana waliotoka katika sehemu zenye njaa walinenepa na kupata nguvu baada ya majuma machache.

Usafi wa mwili ulifundishwa kwa mkazo uleule wa bunduki, na sababu yake ilionekana Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, mahali palipojulikana sana kwa malaria. Katika vita vile maradhi yaliwaangusha watu wengi kuliko risasi. Kushusha mikono ya shati jioni, kumeza dawa kila siku na kuchimba choo mbali na maji yalikuwa mambo ya kufa na kupona. Kuruti aliyedharau somo hilo alihatarisha maisha ya wenzake pamoja na yake.

Alasiri yalikuwapo michezo na masomo ya kusoma na kuandika. Wako walioandika barua yao ya kwanza wakiwa kambini, wakawapelekea wazee wao nyumbani, nao wazee wakatafuta mtu wa kuwasomea.

Utii na mpaka wake

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ndivyo lilivyofikiri jeshi kuhusu vijana hawa. Lakini yafaa ijulikane pia kwamba utii una mpaka wake. Tarehe 24 Januari 1964, majuma machache tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Malalamiko yao yalihusu mishahara na kuendelea kutawaliwa na maofisa wa Kiingereza. Hao walikuwa watu waliokwisha funzwa kukunja blanketi, kupiga kwata na kupokea amri bila kuuliza.

Jambo hilo halithibitishi kwamba mafunzo yalikuwa bure. Lathibitisha kwamba kwata humfunza mtu jinsi ya kutii, bali haiwezi kumpa sababu ya kutii. Sababu hiyo huipata kwa mkubwa mwenye haki, kwa ujira unaotosha, na kwa kujua kwamba nchi anayoilinda ni yake. Koplo aliweza kukagua vifungo vya kuruti kila alfajiri, lakini mambo hayo matatu yaliwahusu wakubwa waliokuwa juu ya koplo.