Ariana Grande hapandi matatu: Je, Cloud inafaa kuwa marashi yako ya kila siku?

Ariana Grande hapandi matatu. Lakini manukato yake yanapanda, tena kila asubuhi, yakiwa shingoni mwa vipusa wa Rongai, Umoja na Kahawa West wanaokimbilia kazini na chuoni. Kwa hivyo usiniulize kama Cloud inanukia vizuri dukani. Dukani kila kitu kinanukia vizuri. Niulize hivi: saa nane mchana, ukiwa umetoka jasho mara mbili na kukaa kwa jam dakika arobaini, kutakuwa kumebaki nini? Na jirani yako kwenye kiti atakuwa anasema nini kimoyomoyo?

Kama uko TikTok, Cloud unaijua. Ni ile chupa ya samawati iliyokaa juu ya wingu jeupe, iliyotoka mwaka wa 2018. Rafiki yangu alinimiminia mililita 10 kutoka kwa chupa yake, nami nikazivaa wiki mbili mfululizo: mjini, sokoni, kanisani, hata siku ya kufua. Nilitaka kujua kama msichana asiye na mshahara wa uhakika, mtu kama mimi niliyeacha chuo na ninayekula kwa kuandika mtandaoni, ana sababu ya kuweka pesa zake hapo.

Kwanza jua unamlipa nani

Wacha tuseme ukweli. Ariana hakukaa maabara akichanganya chupa. Aliyeitunga Cloud ni fundi wa manukato anayeitwa Clément Gavarry. Hiyo si siri wala si aibu, ndivyo biashara hii inavyoenda: staa anatoa jina na sura, kampuni inatafuta fundi, mauzo yanagawanywa. Mwigizaji Elizabeth Taylor alitoa White Diamonds mwaka wa 1991. Jennifer Lopez akaleta Glow 2002, Britney Spears akafuata na Fantasy 2005. Taylor alifariki mwaka wa 2011, lakini White Diamonds bado inauzwa. Kumbe jina hukufanya ununue chupa ya kwanza, ila ya pili unainunua kwa sababu ya harufu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cloud imefanya yote mawili. Imetembezwa na staa mwenye mamilioni ya mashabiki, lakini pia wataalamu waliikubali: mwaka wa 2019 shirika la Fragrance Foundation la Marekani liliituza kuwa nukato bora la wanawake katika kitengo cha manukato ya watu wengi, yaani yale yasiyo ya bei ya kifahari.

Inanukiaje?

Manukato hayana harufu moja. Yana ya kwanza, ya katikati na ile inayobaki mwisho. Cloud ikitoka kwenye chupa unapata lavenda, tunda la peasi na bergamoti, ambalo ni tunda la jamii ya ndimu. Hiyo ni dakika kumi tu, usiipende sana. Halafu inaingia sehemu yenyewe: krimu, nazi, vanila na karanga zilizopikwa kwa sukari. Wazungu wanaita pralini. Wewe fikiria kashata ya nazi ikiwa bado ina moto. Mwisho kabisa inabaki miski na harufu ya mbao kavu, tulivu, kama sweta safi.

Wengi huilinganisha na Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian ya Ufaransa, ambayo inauzwa mara kadhaa ya bei ya Cloud. Zinafanana, hasa ule utamu wa sukari iliyoungua, lakini si mapacha. Cloud ni laini zaidi na ina maziwa mengi. Kama unainunua ili watu wadhani umevaa ile ya Mfaransa, utakuwa unalipia wasiwasi. Inunue kama unapenda Cloud yenyewe.

Saa nane mchana

Sasa twende kwenye mtihani. Asubuhi ya baridi, ile ya Nairobi ya mwezi wa Julai, Cloud ni tamu sana. Inakaa karibu na mwili, inakupa joto, na mtu akikukumbatia atauliza umevaa nini. Nilipuliza mara mbili saa moja asubuhi, na saa nane bado niliisikia kwenye kola ya blauzi. Kwenye ngozi ilikuwa imefifia, imebaki miski tu.

Joto likipanda, hadithi inabadilika. Harufu tamu huvimba kwenye jua. Siku moja ya joto nilipuliza mara tano makusudi, nione. Ndani ya matatu, madirisha yamefungwa, hata mimi mwenyewe nilichoka. Ilikuwa kama kukaa ndani ya keki. Na kumbuka, jirani yako huenda ana pumu au kichwa kinamuuma, na hawezi kushukia Roysambu kwa sababu yako. Kunukia ni heshima, lakini heshima hiyo ina pande mbili.

Jambo lingine: Cloud haifuniki jasho. Hakuna manukato yanayofunika. Jasho likichanganyika na vanila linatoa kitu kisicho na jina. Oga, paka dawa ya kwapa, ndiyo upulize. Dada yangu wa Mombasa, nakuhurumia. Kwa lile joto la Januari, Cloud iache ya jioni, upepo wa bahari ukianza kuvuma.

Lakini kuna somo tunaloweza kuchukua hukohuko Pwani. Akina mama wa Lamu na Mombasa walijua zamani kwamba nguo hushika harufu kuliko ngozi, ndiyo maana hufukiza nguo zao udi kabla ya kuvaa. Nawe fanya vivyo hivyo: mpulizo mmoja nyuma ya shingo, mmoja kwenye nguo ukiwa mbali kidogo ili isiache doa. Usisugue viganja, unaiharibu ile harufu ya kwanza bure.

Hesabu ya mfuko

Usitazame bei ya chupa, tazama bei ya siku. Mpulizo mmoja ni kama sehemu ya kumi ya mililita. Kwa hivyo chupa ya mililita 100 ina takriban mipulizo 1,000. Tuseme umeuziwa Sh8,000: kila mpulizo ni Sh8. Ukipuliza mara mbili kwa siku ni Sh16, na chupa inakupeleka zaidi ya mwaka mmoja. Ukipuliza mara sita ni Sh48 kwa siku, na chupa haifiki miezi sita. Msichana anayejimwagia haonekani tajiri, anamaliza tu chupa mapema.

Lakini Sh8,000 taslimu ni kodi ya mtu. Usikope wala usiruke kodi kwa sababu ya wingu la plastiki. Kuna chupa ya mililita 30, na kuna wauzaji wanaokumiminia mililita 5 au 10 kutoka chupa halisi. Kuna pia yale maduka ya katikati ya jiji yanayokujazia mafuta ya manukato kwa kipimo. Hayo si Cloud, ni mfano wake, na mengine yananukia poa kabisa. Bora ujue unachonunua na ulipe bei yake.

Kinachouma ni feki inayouzwa kwa bei ya halisi. Angalia namba ya bechi: iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo chini ya chupa. Angalia maandishi yasiwe yamekosewa. Ukipuliza ukasikia spiriti kali isiyoisha, au harufu ikapotea kabla hujavuka barabara, rudisha.

Basi tununue au tuache?

Kwa ofisi, darasa na siku za baridi, Cloud ni ya kila siku, mipulizo miwili tu. Kwa jua kali na matatu iliyojaa, tafuta kitu chepesi chenye ndimu au maua. Kama hupendi kunukia kitu cha kuliwa, usijilazimishe kwa sababu mtandao umepiga kelele.

Na kabla hujatoa doh, fanya hivi. Ingia dukani asubuhi, omba wakupulizie mara moja kwenye mkono, si kwenye karatasi. Sema asante, toka nje bila kununua. Nenda ukafanye shughuli zako, tembea, panda gari, kula chamcha. Saa nane nusa mkono. Ukijikuta unaunusa tena na tena, rudi na pesa.