Kutengeneza Vigoda vya Rangi kwa Vifaa Vilivyotupwa

Mwalimu wa shule ya msingi atakiwapo kufundisha kazi za mikono kwa vifaa vya bure, aghalabu hufikiri juu ya vitu vya kutazamwa tu: maua ya karatasi, magari ya makopo, na mapambo ya kutundikwa ukutani siku ya wazazi. Vitu hivyo vina mahali pake. Lakini katika madarasa ambamo watoto bado huketi sakafuni, yafaa tuanze na kitu cha kukalia. Kigoda kina sifa moja ambayo ua la karatasi halina, nayo ni kwamba hakimfichi fundi wake. Kikiwa kibovu, aliyekikalia ataanguka, wala mwalimu hana haja ya kuchukua kalamu nyekundu.

Kifaa cha kuanzia ni tairi kuukuu la gari dogo. Tairi kama hilo likiachwa uani hukusanya maji ya mvua, na humo huzaliana mbu aina ya Aedes, ambao huuma mchana na kueneza homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo. Homa hiyo iliwahi kuenea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwaga maji, kusugua tairi kwa sabuni na brashi, na kulianika. Kisha mwalimu, si mtoto, atoboe matundu machache upande wa chini ili maji yasituame tena. Asiwaruhusu watoto kulikata, maana ndani yake mna nyuzi za chuma zenye ncha kali.

Tairi likilazwa lina kimo cha sentimita 18 hivi, na mawili yaliyofungwa pamoja kwa vipande vya mpira wa baiskeli hufikia kama sentimita 35. Je, kimo hicho chamfaa nani? Mwalimu asijibu. Awape watoto uzi, wapimane kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale mguu ukunjikapo, waandike vipimo ubaoni. Wataona wenyewe ya kuwa kigoda kinachomfaa mtoto wa darasa la tano humwacha wa darasa la kwanza miguu ikining'inia. Hapo hisabati imeingia bila kubisha hodi.

Juu ya tundu la tairi huwekwa ubao wa mviringo uliotokana na kasha la zamani, ukapigwa msasa vizuri. Sasa ndipo kazi ya rangi inapoanza, na hapa tukae kidogo, kwa sababu walimu wengi hukimbilia kununua rangi ya kupaka. Hapana haja. Rangi imo tayari katika vitu vilivyotupwa: khanga zilizochakaa, mabaki ya vitenge kwa mshonaji, mifuko ya sandarusi ya nafaka. Vitu hivi huchanwa vipande vyembamba na kusukwa mithili ya ukili wa mkeka. Katika pwani yetu akina mama wamekuwa wakisuka ukili wa miyaa iliyotiwa rangi tangu zamani, nao wanajua kupanga rangi hata nakshi ijirudie bila kukosea hesabu. Mwalimu akimwalika bibi mmoja aje darasani kwa vipindi viwili, atakuwa ameleta mkufunzi ambaye chuo chetu hakina.

Msuko ukiwa tayari, huzungushwa juu ya ubao kuanzia katikati, ukishonwa mzunguko kwa mzunguko. Kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, waulizwe kabla ya kushona: msuko wenye upana wa sentimita 1 utahitaji urefu gani kufunika uso wenye kipenyo cha sentimita 60? Jibu ni mita 28 na zaidi kidogo, na wengi watakuwa wamekisia 5. Mshangao huo ni bora kuliko kukariri kanuni ya eneo la duara.

Kuhusu rangi zenyewe, mfano mzuri upo Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa huko, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Jahazi lile halikupakwa rangi. Wekundu, manjano na samawati yake yote ni ya kandambili zilezile. Mafundi walichambua walichokipata, wakapanga. Nasi tufanye hivyo darasani: watoto wamwage vitambaa vyote sakafuni, wavitenge kwa rangi, wavihesabu, ndipo waamue nakshi. Wakigundua kuwa nyekundu haitoshi duara zima, na wajadiliane. Mwalimu asitoe kitambaa chake mfukoni kuwaokoa.

Lakini tusiige kila kitu. Plastiki ya jahazi lile iliyeyushwa kwa mashine katika karakana. Kuyeyusha au kuchoma plastiki darasani, hata kwenye jiko la mkaa uani, hutoa moshi wenye sumu, na ni marufuku kabisa. Vivyo hivyo, magunia na madebe yaliyobeba dawa za wadudu yasiguswe.

Liko jaribu jingine lisilo na moshi. Wageni wanakuja kesho, msuko umelegea, na mwalimu anabaki jioni kuukaza kwa mikono yake. Kigoda kitapendeza, ila kitakuwa cha mwalimu. Heri kilicholegea kidogo ambacho mtoto aweza kueleza kwa nini kililegea. Jambo moja tu ndilo la mwalimu: yeye mwenye uzito mkubwa akikalie kwanza, ajitikise kulia na kushoto, kabla mtoto hajakikaribia.

Vitambaa huchakaa. Katika azimio la kazi la kila muhula zitengwe siku mbili za kufumua misuko iliyokatika na kushona mipya, na kazi hiyo wapewe wale ambao hawakushiriki kutengeneza.