Kupoteza Usemi Ghafla Si Kupoteza Akili: Fahamu Pande Mbili za Ubongo

Kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, wananchi hukumbushwa dalili kuu za maradhi haya: uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu na usemi kuvurugika ghafla. Jambo lisiloelezwa mara nyingi ni kwa nini mgonjwa mmoja hupooza na kukosa usemi, ilhali mwingine hupooza lakini huendelea kuzungumza. Jibu limo katika mpangilio wa ubongo.

Ubongo una nusu mbili, na kila nusu huongoza viungo vya upande wa pili wa mwili. Damu isipofika katika nusu ya kushoto, mkono na mguu wa kulia ndio hudhoofika. Nusu hizo hufanana kwa umbo, lakini kazi zake hazilingani.

Mwaka 1861, daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alichunguza ubongo wa marehemu Louis Victor Leborgne, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza eneo jingine la nusu hiyo, lililo nyuma zaidi. Likidhurika, mgonjwa husema kwa wepesi, lakini maneno yake hukosa maana na huwaelewa wengine kwa shida.

Nusu ya kulia nayo husaidia sana kutambua mahali vitu vilipo. Ikidhurika, mgonjwa anaweza kula chakula cha upande wa kulia wa sahani na kuacha cha kushoto. Huo si ukaidi wala upofu. Ubongo wake hauzingatii upande huo.

Hata hivyo, watu hawafanani. Kwa takriban watu 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia, lugha huongozwa zaidi na nusu ya kushoto. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, ni takriban 70 kati ya 100. Waliosalia, lugha huongozwa na nusu ya kulia au na zote mbili. Ndiyo maana kabla ya baadhi ya upasuaji wa ubongo, madaktari hupima kwanza lugha iko upande gani.

Familia zinapaswa kutambua kwamba aliyepoteza usemi huenda bado anaelewa. Azungumziwe kwa heshima, kwa sentensi fupi, aulizwe maswali ya ndiyo au hapana, na apewe muda wa kujibu. Mazoezi ya usemi yanaweza kumsaidia.

Dalili zinapojitokeza, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, na saa zilipoanza ikumbukwe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kuwa hakuna damu inayovuja.