Pampu Inayochonga Bawa

Siku ya Jumamosi soko la Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, hujaa kabla umande haujakauka. Akina mama wameshusha mikungu ya ndizi kutoka mashamba ya Nkoaranga na Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mshare za kupika ziko upande huu, kisukari zimepangwa kwenye beseni upande ule. Juu ya chane iliyoiva hadi ganda likapata madoa meusi wanazunguka nzi wadogo wenye macho mekundu, urefu wao hauzidi milimita 3. Muuzaji anawapunga kwa pindo la kanga, kisha anaendelea kuhesabu chenji.

Nzi hawa si wale wanaowaliza wakulima wa maembe. Yule wa maembe ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, na yeye hutoboa tunda likiwa bado mtini. Mdogo wa kwenye ndizi ni wa jamii ya Drosophila. Anafuata chachu ya tunda lililoiva kupita kiasi, na pipa la mbege, pombe ya ndizi, halikosi wake. Aliye maarufu zaidi katika jamii hiyo, Drosophila melanogaster, ni mwenyeji wa bara hili. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na John Pool ilichapisha jenomu za koo 139 za nzi huyo, nyingi zikiwa zimekusanywa kusini mwa Sahara, na Tanzania ikiwemo. Ushahidi unaelekeza chimbuko lake kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi katika milima ya Matobo, Zimbabwe, walionyesha kwamba nzi wa porini hupenda mno matunda ya mng'ongo, mti ambao Watanzania wengi wanaujua.

Sasa mshike mmoja, umtazame bawa lake kwa darubini. Ni kipande chembamba kinachopitisha mwanga, chenye mishipa mitano mirefu iliyopangika vilevile kwa kila nzi. Ongeza ukuzaji kidogo na utaona uso wote umeota vinyweleo, takriban 30,000, kimoja kwa kila seli. Vyote vimelala kuelekea nchani, kama shamba la ngano la Monduli lililopigwa na upepo wa upande mmoja. Nani aliyeziambia seli hizo zote upande wa kuelekea?

Sehemu ya jibu imo katika pampu ndogo kiasi kwamba darubini ya shuleni haiwezi kuiona. Wataalamu huiita V-ATPase. Kazi yake ni kusukuma protoni, yaani chembe zinazofanya kitu kiwe na tindikali, na kuziingiza ndani ya vifuko vilivyomo kwenye seli. Mtu mwenye kisima nyumbani ataielewa haraka. Maji hayapandi yenyewe hadi kwenye simtanki iliyo juu ya mnara. Mota huyasukuma, na mota hula umeme. Pampu hii nayo hula ATP, nishati ya seli. Ina sehemu mbili: moja imezama kwenye utando wa kifuko na nyingine imebaki nje. Ndani yake mna mhimili unaozunguka kwelikweli, na kila mzunguko mmoja hugharimu molekuli 3 za ATP. Maji ya seli yenyewe yana pH ya karibu 7.2, ilhali ndani ya vifuko vya kumeng'enyea taka pH hushuka hadi kati ya 4.5 na 5. Hiyo ni tofauti ya protoni ya zaidi ya mara 100, na utando mwembamba tu ndio unaoitenganisha.

Pampu huundwa kwa vipande vingi, na kila kipande kina jeni yake. Nzi ana zaidi ya jeni 30 za kazi hii, na majina yake mengi huanza na herufi Vha. Mwaka 1996 Shireen Davies, Julian Dow na wenzao wa Glasgow waliripoti kilichotokea walipoiharibu mojawapo, vha55. Mabuu yalikufa. Figo zao, ambazo kwa kawaida huwa na weupe wa fuwele za asidi ya yuriki, zilikuwa angavu kama kioo, kwa sababu bila tindikali fuwele hazikujijenga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya pampu hii kuzimwa katika mnyama yeyote.

Kwa miaka mingi, basi, pampu ilihesabiwa kuwa kazi ya nyumbani tu: kufagia, kumeng'enya, kukojoa. Bawa ndilo lililosaidia kuonyesha kwamba mambo ni makubwa kuliko hivyo.

Bawa huanza likiwa kisahani kidogo cha seli zipatazo 50 ndani ya mwili wa buu. Siku chache baadaye seli hizo zimefika makumi ya maelfu, na zinapaswa kupatana: nani awe ukingo, nani awe mshipa, nani awe ngozi ya kawaida. Mapatano hayo hupitia kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Kimojawapo ni Notch, jina linalomaanisha pengo. Jeni yake iliitwa hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita katika maabara ya Thomas Hunt Morgan jijini New York, kwa sababu nzi jike mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo alikuwa na mapengo kwenye ukingo wa bawa, kama jani lililotafunwa na mbuzi.

Notch inapopokea ujumbe wa jirani hukatwa, na kipande chake huenda kwenye kiini kuamsha jeni nyingine. Mwaka 2009 Yan Yan, Natalie Denef na Trudi Schüpbach wa Princeton walionyesha kwamba pampu ya protoni ikidhoofika, Notch hurundikana ndani ya vifuko na ujumbe haufiki. Mwaka uliofuata Thomas Vaccari na wenzake walifikia hitimisho la aina hiyohiyo. Kifuko kisipopata tindikali, ukataji huzorota. Seli imeshikwa bega na jirani yake, lakini haisikii.

Na vile vinyweleo? Mwaka 2010 timu mbili za Ujerumani, moja ya Freiburg na nyingine ya Heidelberg, ziliichunguza jeni iitwayo VhaPRR, ambayo protini yake hufungamana na pampu. Ilipozimwa, vinyweleo vilipoteza mwelekeo, vikapinda huku na huku. Ishara ya Wingless, ambayo bila yake bawa halioti, nayo ilidhoofika. Vipokezi vya familia ya Frizzled, vinavyohusika na kazi zote mbili, vilionekana kuitegemea protini hiyo.

Uzuri wa bawa katika utafiti wa namna hii ni kwamba nzi wa maabara anaweza kuishi bila kuruka. Mtafiti huzima jeni katika nusu ya nyuma ya bawa pekee na kuiacha nusu ya mbele ikiwa nzima, akapata mgonjwa na mwenye afya kwenye bawa moja. Hakuna kiungo cha panya kinachotoa ulinganisho wa wazi hivyo kwa gharama ya chupa na uji wa mahindi wenye chachu.

Binadamu ana pampu hiihii. Jeni yake iitwayo TCIRG1 ikiharibika, mtoto huzaliwa na ugonjwa wa mifupa kuwa mizito kupita kiasi, kwa kuwa seli za kuyeyusha mfupa wa zamani zimekosa tindikali. Jeni ya ATP6V1B1 ikiharibika, figo hushindwa kutoa asidi na mtu hupoteza uwezo wa kusikia. Wadudu waharibifu nao wanayo, na mwaka 2007 James Baum na wenzake walitengeneza mahindi yanayoizima jeni ya pampu ndani ya tumbo la mdudu anayekula mizizi. Mizizi iliponea kwa kiasi kikubwa. Jambo hilo linastahili kufuatiliwa kwa makini Ngaramtoni, ilipo mamlaka ya taifa ya afya ya mimea na viuatilifu, na katika kituo cha TARI Tengeru kinachoshughulikia mboga na matunda.

Mwanafunzi wa sekondari hahitaji kungoja maabara kubwa. Chupa, kipande cha kisukari na karatasi iliyokunjwa kama faneli vinatosha kuwanasa nzi. Kwenye nyuzijoto 25 yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwa baridi ya Julai ya Arusha itachukua muda mrefu zaidi, na nzi waliokulia kwenye baridi huwa na mabawa makubwa kidogo, jambo linalopimika kwa rula ya darubini. Siku ya kutoka kwenye pupa nzi huwa na mabawa yaliyokunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Huyajaza damu, yakanyooka, yakakauka. Baada ya hapo seli za ngozi ya bawa hufa na kuondoka, zikiacha tabaka mbili za gamba zilizogandana. Nzi anayetua kwenye chane ya Tengeru anapeperuka kwa bawa ambalo pampu zilizolichonga hazimo tena ndani yake.