Mteja kainua gari? Uliza kwanza kabla hujatuma boljointi

Wauza spea mtandaoni, hii ni yenu. Mteja akikuandikia "nataka boljointi za Prado 120", usikimbilie kutaja bei. Muulize: gari umeiinua? Inchi ngapi?

Prado hiyo, kama Hilux Vigo, kila tairi la mbele lina wishiboni zake, ya juu na ya chini. Gari ikiinuliwa, wishiboni zinalala mshazari, boljointi na tairodi zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote. Mpira unachanika, vumbi linaingia, grisi inakwisha, halafu wewe ndiye unaambiwa umeuza feki!

Kama ni inchi 2 hivi, mara nyingi spea ya kawaida iliyo nzuri inatosha, ila alaimenti lazima ipigwe. Ikizidi hapo, mtajie wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari zilizoinuliwa. Bei yake imechangamka, lakini boljointi inakaa kwenye pembe yake.

Akisema Jimny, simama. Ile mbele ina ekseli nzima na beringi za kingpini, boljointi za wishiboni haina. Ikiwa inayumba baada ya kuinuliwa, zungumzeni tairodi na bushi za kurekebisha kasta.

Na omba picha ya chini ya gari pamoja na namba ya chesisi, ndipo upokee hela.