Mhakiki Aliyekagua Shule za Maskini

Bwana Matthew Arnold, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1822, ajulikana sana kwa mashairi yake na kwa maandiko yake ya kuhakiki vitabu. Lakini ushairi haukumlisha. Toka mwaka 1851 hata 1886 alikuwa mkaguzi wa shule, akisafiri mji kwa mji na kuwasikiliza watoto wa maskini wakisoma.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza iliweka kanuni mpya ya kutoa fedha za msaada. Kila mwanafunzi alipimwa mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa kila somo lililomshinda shule yake ilipoteza shilingi mbili na peni nane. Wakubwa walisema kwamba hiyo ndiyo njia ya kuzuia hasara. Arnold, ijapokuwa alikula mshahara wao, alichapisha makala ya kuipinga mwaka ule ule.

Maneno yake yalitimia. Mwalimu mwenye kuhofu kupunguziwa fedha alishika kitabu kimoja chembamba, na watoto wakakikariri mwaka mzima. Siku ya ukaguzi walisoma pasipo kukosea; lakini je, kitabu kingine wangekiweza? Arnold aliandika katika taarifa zake kwamba elimu ya namna hiyo ni ya mashine, haina uhai.

Wala hakuchukia kukariri. Yeye mwenyewe alihimiza watoto wajifunze mashairi mazuri kwa moyo, maana aliamini kwamba maneno bora hulea akili ya mtoto. Alilokataa ni kukariri kitabu hafifu kwa ajili ya fedha.

Shauri hilo alilipanua mwaka 1869 katika kitabu chake kiitwacho Culture and Anarchy. Huko alidai kwamba taifa halipimwi kwa viwanda na mali peke yake, na kwamba mawazo bora ya wanadamu si hazina ya wanachuoni tu, bali yapasa kuenezwa kwa watu wote. Wengine walimcheka, wakamwona mtu wa maneno matamu asiyejua kazi. Kwa mtu aliyeshinda madarasani miaka thelathini na mitano, dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Swali gumu zaidi ni nani atakayechagua kilicho bora, na hapo Arnold aliitegemea mno ladha yake mwenyewe.

Alifariki mwaka 1888. Kanuni ile iliondolewa katika miaka ya 1890.